Kufuli kwenye Karatasi ya Simenti

Mama alinunua poda mapema, kabla hata mtihani wa kumaliza shule ya msingi haujakaribia. Kwetu Lubumbashi, siku matokeo yanaposomwa mbele ya wazazi, anayefaulu humwagiwa poda kichwani. Anarudi nyumbani mweupe mpaka kwenye kope, na watu wasiomjua wanampigia makofi barabarani. Mama aliuza unga wa mahindi katika soko la Kenya, mtaa mmoja wa mji wetu, kwa hiyo mikono yake ilikuwa mieupe kila siku, lakini alisema weupe wa unga si wa sherehe. Aliweka kopo la poda juu ya kabati, akatukataza kuligusa.

Mimi naandika polepole. Hata leo ukurasa mmoja unanichukua jioni nzima. Darasani waliniita Ekspresi, kwa sababu ya treni ambayo watu huisubiri hadi wanasahau walikuwa wanasafiri kwenda wapi. Rimu ya gari iliyokuwa kengele yetu ilipogongwa, nikiwa bado nimeinama, sauti ilitoka benchi la nyuma:

"Mumuache! Ekspresi ingali ku Likasi, itafika kesho!"

Darasa lilicheka. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Miaka yote nilirudishiwa karatasi yenye alama ndogo na neno moja la Kifaransa kwa wino mwekundu, linalosema kazi haikumalizika. Hilo nililijua tayari. Nilikuwepo. Nilichotaka kujua ni kwa nini haikumalizika, na hakuna aliyewahi kujiuliza. Walisahihisha, wakajumlisha, wakatupanga kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, wakafunga mwaka. Muuguzi akipima homa yako kila asubuhi, akaandika namba na kwenda kitanda kingine bila kukupa hata maji, utamwita muuguzi?

Mwaka wa sita tukapata mwalimu mpya, msichana aliyekuwa ametoka tu kumaliza masomo yake. Tulimwita Madamu. Kila Ijumaa tuliandika insha fupi ya Kifaransa, na rimu ikigongwa kila mmoja alichora mstari chini ya neno lake la mwisho. Madamu hakuweka alama yoyote. Alibeba karatasi kwake, na Jumatatu alirudi akiwa amezisoma kweli. Wasiojua waanzie wapi aliwakalisha pamoja. Wanaomaliza haraka lakini hawaeleweki, pamoja. Mimi aliniita mezani kwake.

"Angalia karatasi yako," alisema kwa sauti ndogo. "Huku juu iko tundu. Huku chini iko muzuri. Ju ya nini?"

Hatimaye mtu aliniuliza kwa nini. Nilikuwa na tabia ya kulowesha kidole kwa mate na kusugua sentensi ya kwanza, kwa kuogopa kwamba ni mbaya, nikaiandika tena, nikaisugua tena, mpaka karatasi ikatoboka. Sehemu kubwa ya muda wangu iliishia kwenye lile tundu. Nilikuwa nimefanya hivyo miaka yote, na tundu halikuwa limefichwa.

"Weye unajua kuandika," Madamu alisema. "Unaogopa tu kuanza. Siku ya tano, Ijumaa, ile sentensi ya kwanza uambie benchi yako. Ikikubali, andika. Na mate ibakie mu kinywa."

Nilicheka. Sikumbuki kucheka darasani kabla ya siku ile.

Akaleta karatasi ngumu ya mfuko wa simenti, akaibandika ukutani, upande wa ndani ukitutazama. Kila mmoja alichagua alama ili jina lake lisionekane, na kila Jumatatu alama yake ilichorwa tena kulingana na pale mstari wake ulipofikia: kadiri alivyoandika zaidi, ndivyo ilivyopanda. Mwingine alichagua ndege, mwingine sufuria, mwingine kiatu. Mimi nilichagua kufuli. Hatukushindana na jirani. Madamu alituambia kila mtu aangalie kufuli lake mwenyewe, yaani kila mtu na alama yake. Langu lilianza chini kabisa, karibu na sakafu. Kisha likapanda. Likapanda tena. Nikaanza kuisubiri Ijumaa. Nilikuwa nachota maji huku nikiiambia ndoo sentensi ya kwanza, na jioni nilimsomea mama nilichoandika. Hakujua Kifaransa, lakini alisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu sasa kulikuwa na mwisho.

Halafu direkta, mkuu wa shule, akaingia.

Shule moja ya jirani ilikuwa imepaka langoni maneno makubwa ya Kifaransa kwamba wanafunzi wake wote wamefaulu, na wazazi walikuwa wanahamishia watoto wao kule. Direkta wetu alitaka maneno hayo hayo. Alisimama mbele ya karatasi ya simenti, mikono mgongoni, akaisoma kwa muda mrefu. Nilifurahi. Mjinga mimi, nilifikiri anaona jinsi tulivyopanda.

"Kufuli ni nani?" akauliza.

Macho yakageukia benchi langu. Kisha sauti ya benchi la nyuma: "Ni Ekspresi!"

"Sufuria? Kiatu? Ndege?" Akawapata wote. "Benye kuwa huku chini habataenda ku mutihani. Batarudilia mwaka."

Madamu alitoka nyuma ya meza yake. "Ba Direkta, tafazali. Angalia kwenye ilianzia, hapana tu kwenye ilifikia."

"Madame, mutihani haiulize kwenye ilianzia."

"Lakini miezi bado iko. Ile kufuli itafika."

"Na isipofika? Utapaka nini weye ku mulango?"

Akatoka. Madamu alipanda juu ya benchi, akaibandua karatasi ile, akaikunja, akakaa nayo mapajani akitazama dirisha. Nilimkasirikia. Nasema ukweli, siku ile hasira yangu yote ilimwendea yeye, kwa sababu ndiye aliyetundika ukutani kitu ambacho mtu mbaya angeweza kukisoma. Ilinichukua muda mrefu kuihamishia hasira hiyo kwa mwenyewe, yule direkta. Madamu alitupima ili ajue wa kumsaidia. Direkta alichukua vipimo vile vile, hakuongeza kitu, akavitumia kujua wa kumtupa. Na hakuna aliyemwita mwizi.

Mama alifunga meza yake sokoni kesho yake asubuhi, akaenda nami. Alikuwa na unga hadi kwenye viwiko.

"Ba Direkta, mutoto yangu anaandika. Mangaribi nikitoka ku soko ananisomea."

"Anaandika, mama, sikatae. Lakini mutihani haingoje muntu."

"Na weye? Weye ni mutihani?"

Direkta alicheka kidogo, kama mtu anayemcheka mtoto. "Mama, niko nachunga jina ya hii shule. Kurudilia mwaka haiue."

"Kulala inje pia haiue. Basi mutoto wako alale inje."

Tuliondolewa kwa heshima, yaani mlinzi alitushika mkono taratibu. Tulipofika sokoni mama akafungua mfuko wake wa unga na kumpimia mteja wa kwanza kwa nguvu hadi unga ukaruka. Kopo la poda liliishia shingoni mwa mdogo wangu, aliyekuwa na vipele vya joto.

Madamu hakurudi mwaka uliofuata. Walisema amepata kazi mahali pengine. Mimi nilirudia darasa katika shule nyingine, nikafanya mtihani, nikamaliza kuandika kabla ya kengele, nikafaulu. Sentensi ya kwanza niliiambia benchi, kimya kimya. Lakini kwenda zaidi ya hapo hatukuweza kulipia, na mama hakununua poda tena. Leo nafanya kazi kwa seremala, na mara nyingi nikipeleka mbao Ruashi napita kwenye lango la ile shule ya kwanza. Maneno yapo, makubwa, ya buluu: wote wamefaulu.

Juzi nilimkuta fundi rangi amepanda ngazi, anayapaka upya. Nikasimama. Mimi si mtu wa kusimamisha watu.

"Papa, hii maneno haiko ya kweli," nikamwambia.

Alinitazama akiwa juu, brashi ikidondosha rangi. "Miye napaka tu, kijana. Ulisomaka hapa?"

"Ndiyo."

"Basi nawe uko ndani ya hii 'wote'. Furahi!"

Akacheka, akageukia herufi zake. Ingekuwa siku nyingine ningeangalia viatu vyangu na kuondoka. Nilifikiria Sufuria, ambaye sasa anaosha madini mtoni, na Ndege, na Kiatu, ambao sijui wako wapi. Nikashusha mbao chini. Nikaitafuta sentensi ya kwanza, na sikuisugua.

"Hapana," nikasema kwa sauti, mpaka mlinzi akageuka. "Siko ndani. Balitutoa inje kwanza, ndipo baliandika 'wote'."