Aliyefungua Mstari wa Kwanza

Naikumbuka asubuhi moja ya ukungu mzito pale Mdandu, ukungu ule wa kwetu unaomficha ng'ombe hata ukimsikia anatafuna mbele yako. Nilikuwa nimeketi juu ya magunia ya mahindi kwenye lori, sanduku la bati katikati ya miguu, naelekea shule ya sekondari. Mwanangu, leo unaiona nyumba yangu ya matofali ya kuchoma, unaiona miparachichi yangu inayoshuka hadi bondeni, unaiona na diploma yangu ya kilimo niliyoitundika sebuleni mahali ambapo hakuna mgeni atakayeikosa. Naipenda diploma ile, nimeitolea jasho. Lakini keti kidogo nikwambie ilianzia wapi.

Baba alifariki nikiwa darasa la tano. Alituachia shamba la mteremkoni na jembe moja, mpini wake umelainika kwa viganja vyake. Wakati ule majirani walilima kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye shamba anawapikia. Lakini hakuna jembe la jirani lililogusa udongo kabla mwenye shamba hajafungua mstari wa kwanza, watu wote wakimtazama. Baba akifariki, kazi hiyo ni ya mtoto wake wa kiume wa kwanza. Huyo asipokuwepo, huja ndugu wa marehemu. Na atakayefungua mstari, mwanangu, ndiye ambaye tangu siku hiyo watu humhesabu kuwa mwenye shamba. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na hakuna aliyehitaji kuisoma.

Mtoto wa kiume wa kwanza nilikuwa mimi. Na nilipomaliza darasa la saba nilichaguliwa kwenda sekondari huko Njombe mjini, mimi peke yangu kutoka shule yetu nzima. Nalisema hilo bila haya, maana nilisomea kwenye mwanga wa moto wa jikoni hadi nyusi zikaungua.

Mwaka ule mvua zilichelewa, na zamu yetu ya kulimiwa ikaangukia siku ileile ya mwisho ya kuripoti shuleni. Nisipofika, nafasi yangu angepewa mwingine. Zamu nayo ukiiruka unangoja mpaka wengine wote wamalize, na mahindi ya kuchelewa kwetu hukutwa na baridi yangali machanga. Gari lilikuwa moja tu, lori la Mzee Salumu, mfanyabiashara wa Makambako aliyekuja kununua mahindi, nalo lingeondoka alfajiri likipitia Njombe.

Siku moja kabla, baba mdogo alikuja nyumbani. Hakuwa mtu mbaya, usimfikirie hivyo. Alikuwa mtu wa shamba, na shamba aliliona kwa macho mawili.

"Shemeji," alimwambia mama, "usiache mbachao kwa msala upitao. Mtoto afungue mstari kesho, hayo ya shule Mungu anajua. Akiondoka, basi nitafungua mimi."

Mama alikuwa anakoroga togwa, hakuinua macho. "Karibu shambani, shemeji," akasema. "Uje na jembe lako."

Hiyo togwa nayo ilikuwa na maneno yake. Wengine waliwapa majirani ulanzi, ile pombe ya mianzi; mama yangu, Mlutheri wa kweli, aliwapa togwa isiyolevya na viazi vya kuchemsha. Wakawa wanamtania kwamba kwa Mama Obedi mtu analima hadi jioni na bado anarudi kwake akitembea wima.

Asubuhi ile nilitangulia kuamka. Nikaliacha sanduku, nikachukua jembe la baba, maana niliona nikiondoka nimemwuza mama. Nikamkuta amesimama mlangoni, kanga kiunoni, kitambaa kichwani. Alilitoa jembe mikononi mwangu taratibu, kama mtu anavyomwondolea mtoto mdogo kisu.

"Obedi, panda lori. Na ukishuka kabla ya kufika, hata kwa kukojoa, usirudi hapa kwangu."

Nikapanda. Tulikuwa hatujaenda mbali lori likakwama kwenye tope, chini kabisa ya shamba letu. Abiria wote wakashuka kusukuma. Mimi nikabaki juu ya magunia kwa kuyaogopa maneno ya mama. Mzee Salumu, kanzu ameikunja hadi magotini, akaniuliza kama miguu yangu ina thamani kuliko yao.

Kabla sijamjibu ukungu ukainuka, nikaona. Majirani walikuwa wamesimama ukingoni mwa shamba, majembe mabegani, na baba mdogo yuko mbele yao. Ndani ya shamba alikuwepo mtu mmoja. Mama yangu, jembe la baba mikononi, anafungua mstari. Sikuwahi kuona mwanamke akifanya hivyo, wala wao hawakuwahi. Hakuna aliyemzuia na hakuna aliyemfuata. Jembe lilipanda, likashuka, na yeye akasogea.

Sijui mguu wangu ulifikaje nje ya lori. Nikamweleza Mzee Salumu kwa haraka, kwamba yule ni mama yangu, kwamba mstari ule ni wangu, kwamba wanamwacha peke yake. Aliutazama mteremko ule.

"Basi rudisha huo mguu ndani," akasema. "Mama yako hakuuanza mstari ule ili wewe uje uumalize. Sisi tutasukuma."

Wakasukuma, lori likatoka. Tulipokata kona mama alikuwa bado peke yake. Muhula mzima nilisoma na picha ile. Wenzangu walipolala darasani, mimi nilisikia jembe.

Niliporudi likizo nikayakuta mahindi yamenipita kimo. Majirani wakanisimulia. Mama alifika mwisho wa mstari, akanyoosha mgongo, akageuka na kuanza wa pili bila kumtazama mtu. Hapo baba mdogo akavua koti, akalitundika kwenye kichaka, akawaambia wenzake, "Haya, ingieni. Mwenye shamba keshafungua." Tangu siku hiyo hakulitaja tena shamba lile, na hadi anaingia kaburini alimwita mama "mwenye shamba", kwa utani mwanzoni, baadaye kwa heshima.

Nikasoma, nikashinda, nikaajiriwa mbali, nikarudi, maana mkataa kwao ni mtumwa. Watu wa hapa husema Obedi amejijenga mwenyewe. Sikatai, nimejijenga. Ila msimu uliopita, majirani walipokuja kunisaidia kuchimba mashimo ya miparachichi mipya, nilivaa buti zangu nikasimama mbele na jembe, bwana shamba mwenye diploma. Hakuna aliyetikisika. Mzee mmoja akanigusa bega: "Ngoja kwanza, bado mwenyewe." Wakamleta mama akiegemea fimbo yake, macho yake hayaoni mbali tena. Wakamshikisha jembe. Akaligusisha udongo mara moja, akacheka, akauliza kama togwa ipo. Ndipo tukaingia, na mimi nyuma yake.

Kwa hiyo mwanangu, uliye leo juu ya magunia yako, ukielekea Igwachanya, Njombe au ng'ambo, nisikilize. Kuna mtu ameshika jembe ambalo lingekuwa mikononi mwako. Usimlipe kwa kuruka chini umhurumie. Huruma yako haitamlimia hata tuta moja. Mlipe kwa kufika. Soma mpaka jina lako lisomwe. Na ukishafika, jisifu, sikukatazi, hata mimi najisifu. Lakini ukirudi nyumbani usiguse udongo kabla yake. Simama nyuma, umwache afungue.

Mungu aliyeliinua lile lori kwenye tope ayainue na magurudumu yako. Akukinge na baridi ya ugenini, akupe kichwa chepesi na moyo usiosahau, na siku utakaporudi umkute aliyekulimia angali ana nguvu za kushika mpini.