Macho kwenye boti ya kijani

Mwaka niliorudi Bujumbura nilipata kazi kwa mzee mmoja wa mtaa wa Bwiza aliyekuwa akipaka rangi magari uani kwake. Siku moja mtu alileta boti ndogo ya mbao kwa mkokoteni. Mzee alisita, hakuwa amewahi kupaka boti. Nilimwambia mimi ninazijua, nilizipaka Kalemie na Kigoma. Kwa neno langu akaipokea.

Rangi ya kijani ilikataa. Kila ilipotua ilijivuta kando, ikaacha vishimo vya mviringo vidogo kama punje za mtama, na ndani yake ilionekana rangi ya chini, ya kijivu. Mzee aliviita macho. Tukakwangua, tukapiga msasa, tukafuta kwa tina, dawa ya kuyeyusha rangi, tukapaka upya. Macho yakarudi. Mwenye boti aliyatazama bila hasira, akasema akiyakuta tena Jumamosi ataipeleka kwingine.

Nilijua macho huletwa na mafuta. Nikatazama huku na huku, nikamwona jirani yetu nyuma ya ukuta, anakaanga ndagala, dagaa wa ziwani, wa kuuza.

"Mama, moshi yako inatuharibia kazi."

"Moshi yangu? Miaka yote mi nakaanga hapa, magari ya mzee inang'aa. Leo boti yako ndo imejua kunusa?"

Mzee akaingilia. "Dada, utusaidie siku mbili tu."

Jirani alihamishia jiko lake kwenye kona ya barabara, mahali ambapo wateja wake hawakumzoea.

Ijumaa asubuhi tulipaka bila moshi. Sikuwa nimemaliza ubavu mmoja, macho yakafunguka. Jirani alikuwa amekuja kuangalia.

"Na leo ni moshi ya nani?"

Aliinama, akapitisha mkono hewani sambamba na ubavu wa boti. Macho hayakuwa yametapakaa ovyo. Yalikwenda kwa mistari minne minne, imeachana kama vidole. Akageuka kutazama mikono yangu.

"Unapakaa nini mu mikono?"

"Mawese."

Baba yangu alifanya hivyo, ili rangi isimgande kwenye ngozi. Katika kila mji niliofanyia kazi, chupa ya mawese ndiyo niliyonunua kwanza. Na kila tulipomaliza kufuta kwa tina, nilipapasa boti nzima kwa vidole kutafuta pasipo laini. Mzee, kwenye magari yake, alipapasa kwa kitambaa.

Jirani akaninyooshea kidole. "Kumbe moshi ni we."

Tulifuta rangi ile mbichi, tukaosha mbao kwa sabuni na maji moto kabla ya msasa, maana msasa ungeyasukuma mafuta ndani zaidi. Jua likaikausha boti. Alasiri mzee alipaka upande wake nami wangu, mikono yangu ikiwa mikavu.

Jumamosi mwenye boti aliizunguka mara mbili, akasogeza uso karibu na ubavu, kisha akaita watu wa mkokoteni.

Walipotoka nilikwenda kwenye kona kubeba jiko la jirani. Nililirudisha nyuma ya ukuta, nikamkabidhi na ile chupa ya mawese. Aliifungua, akanusa.

"Hii hata ndagala itakataa," akasema, lakini akaiweka.

Rangi ya kijani ilikaa kwenye kucha zangu wiki nzima.