Tando za Buibui Ndani ya Simu ya Aabo

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, niliamini kwamba buibui aliyeishi nyuma ya choo chetu alikuwa fundi kuliko mafundi wote wa Isiolo. Asubuhi, kabla baba yangu, Aabo, hajaondoka na lori, nilichukua simu yake nikaenda kumpiga picha. Utando haukuonekana vizuri, kwa hiyo nilichota unga wa ngano jikoni, nikaupulizia polepole mpaka kila uzi ukajitokeza mweupe. Sijaona kitu kizuri hivyo tena, na sitaomba radhi kwa kusema hivyo.

Ayeyo, nyanya yangu mzaa baba, hakutaka kusikia. Kwake, utando wa buibui nyumbani ulikuwa mwaliko wa umaskini. Kila Alhamisi alinipa ufagio mrefu. Nilifagia kona zote za ndani. Ule wa nyuma ya choo niliuruka.

Kisha lori la Aabo likakatika ekseli karibu na Gotu, limebeba sukari ya watu wa Merti. Siku tatu hatukumsikia. Niliogopa mpaka chakula kikanishinda. Siku ya nne alirudi amejaa vumbi, akaketi kunywa chai, akawa anamwonyesha Ayeyo picha ya ile ekseli. Kidole kikateleza. Zikatokea picha za tando zangu, moja baada ya nyingine.

"Astaghfirullah!" Ayeyo alisema. "Mtoto ameweka umaskini kwa mfuko wa babake! Wewe, futa hiyo yote saa hii."

"Lakini Ayeyo, si buibui ndiye alificha Mtume kwa pango? Maalim alitufunza."

"Hiyo ilikuwa pango. Hii ni nyumba yangu."

Aabo alininyooshea simu. Ayeyo hakujua kutumia simu. Ningebonyeza popote, nikamwambia nimefuta, na mambo yangeisha. Lakini nilikuwa nimekasirika. Ekseli ile ilikuwa kuukuu, kila mtu alijua, na buibui wangu hakuwahi hata kupanda lori.

"Sifuti," nilisema.

Kofi la Ayeyo lilinifikia kabla sijafunga mdomo, na simu nikanyimwa mpaka Idi. Ayeyo alikwenda mwenyewe nyuma ya choo na ufagio wake.

Leo namwelewa. Alikuwa na mwana mmoja tu wa kiume na lori moja, na hofu ya siku tatu ilibidi aipeleke mahali. Namwelewa, na bado nasema alikosea. Aabo naye hakufuta kitu. Aliponunua simu nyingine, ile ya zamani alinipa na picha zote ndani.

Sasa nina nyumba yangu Burat, na utando mmoja juu ya dirisha la jikoni. Juzi shangazi alikuja, akauona, akashtuka.

"Ufagio uko wapi?"

"Uko nyuma ya mlango," nikamjibu, "na leo hautoki."