Mwanangu Hasomi Nusu

Niliondoka kwa hasira, siwafichi. Jirani yangu hapa Mwanga, Kigoma, Mzee Kapama, alikuwa amekaa barazani kwangu anakunywa chai yangu, akaniambia, "Mama Neema, hawa watu wa televisheni vita wanavishabikia kama mpira. Kila kituo kina timu yake. Na mwanao ndiye anayewapulizia filimbi." Neema wangu! Binti niliyemsomesha kwa mshahara wa ukunga, leo ni mtangazaji na mkalimani wa kituo kimoja cha televisheni huko Minneapolis. Nikamwambia mzee, "Ya kusikia yamenichosha. Nakwenda nikaone mwenyewe." Neema alikuwa ameniita muda mrefu. Viza ikatoka, nikafunga sanduku.

Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam nilipanda treni, nikala mihogo ya kukaanga kila stesheni mpaka tumbo likalalamika. Kwenye ndege kila kiti kilikuwa na televisheni yake ndogo. Abiria wa kushoto kwangu alitazama vita, wa kulia akatazama katuni, na wote wawili walikuwa na uso uleule. Mimi nikajifunika blanketi nikalala.

Uwanja wa ndege wa Minneapolis, Neema alinikimbilia na koti mkononi. "Shikamoo mama! Vaa kwanza, tutakumbatiana baadaye." Nilidhani ananitania. Milango ilipofunguka, ewe Mola! Baridi ya kule haina adabu, inaingia bila hodi hadi kwenye meno.

Njiani kuelekea Champlin, anakoishi, sikuona mtu hata mmoja anayetembea kwa miguu. "Huku mama, bila gari huna miguu," Neema akasema. Nyumba yake iko karibu na mto Mississippi, nao ulikuwa umeganda. Mimi niliyezoea Ziwa Tanganyika likipiga kelele usiku na mchana, niliona huruma kuyatazama maji yaliyonyamaza vile. Lakini mwanangu naye alikuwa amenyamaza, na hilo ndilo lililonisumbua. Mkunga hafichwi uchungu. Nikamuuliza kuna nini.

"Nimempa mtu neno langu, mama," akasema, "na naogopa nitashindwa kulitimiza."

Mtu mwenyewe alikuwa Mama Odeta, mkimbizi kutoka vijiji vya karibu na Uvira, Kongo, kiongozi wa kwaya ya kanisa la Wakongomani. Dada yake bado yuko kule vitani. Mwezi uliotangulia kituo kingine, kisichokipenda chama kinachotawala Marekani, kilimrekodi, kikachukua kilio chake tu kuonyesha kwamba serikali hiyo imeshindwa kuleta amani Kongo. Sasa kituo cha akina Neema, ambacho chama hicho ndicho kipenzi chake, kilikuwa kimetangaza wiki nzima kwamba vita vimekwisha na viongozi wa Marekani wapongezwe kwa kuwapatanisha wapiganaji. Nacho kilimtaka Mama Odeta. Mama wa watu aligoma. Alikubali kurekodiwa tu Neema alipomwahidi kwamba maneno yake yatatoka yote, tena kwa sauti ya Neema mwenyewe.

Jumapili tulikwenda kanisani kwao. Baada ya ibada hakuna aliyeondoka, maana wana desturi yao: habari za nyumbani. Aliyepiga simu kwao anasimama, lakini kabla ya habari yenyewe lazima ataje aliyemwambia, alikuwa wapi, na kama aliona kwa macho au alisikia tu. Baba mmoja alisimama akaanza, kwa Kiswahili chao cha Kongo, "Banasema askari bameingia..." Kanisa zima likaitikia, "Nani?" Baba akajikuna kichwa. Mama Odeta akamwambia kwa upole, "Banasema haiko jina la mutu, baba. Ikaa kwanza, upige tena simu." Watu wakacheka, baba akacheka pia, akakaa. Nilipenda sana! Wangeketi hivi watu wa baraza langu, wangebaki na nini cha kuongea?

Kisha Mama Odeta akasimama. "Dada yangu ameniambia yeye mwenyewe, yuko nyumbani, ameona. Risasi zimenyamaza, analala kwake. Tunashukuru Mungu. Lakini shamba letu batu bengine banalilima, na akilikanyaga banamupiga." Akamgeukia Neema. "Ni yale yale niliwaambia ba-kamera benu. Mbili zote, binti yangu. Kama inabakia moja, dada atajua nimeuza mudomo wangu."

Nyumbani Neema hakugusa ugali. Nikamwambia, "Kula, ahadi haitimizwi na tumbo tupu."

Jumatatu alinipeleka kazini kwake. Tulipita Plymouth, maofisi yamejipanga kwenye theluji, tukafika kituoni. Niliruhusiwa kukaa nyuma ya kioo cha chumba cha kurekodia. Neema alipewa karatasi ya kusoma. Aliisoma kimyakimya, nikamwona anasimama.

"Hapa kuna nusu tu," akamwambia mhariri wake, bwana mrefu mwenye miwani. Kiingereza chao nilikielewa vizuri. "Nyingine iko wapi?"

"Muda hautoshi."

"Nusu ya pili ni fupi kuliko ya kwanza."

Bwana akavua miwani. "Neema, tumewaambia watazamaji vita vimekwisha. Siwezi kumleta mama akasema havijaisha."

"Hajasema havijaisha. Amesema risasi zimekwisha na shamba limechukuliwa. Ukitoa moja, nyingine inakuwa uongo."

"Soma nilichokupa."

"Tafuta sauti nyingine. Yangu haisomi nusu."

Taarifa ilikuwa ya jioni ileile, na mkalimani mwingine hawakuwa naye. Uzalendo ukanishinda, nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti, "Miaka yote ya ukunga, sijawahi kumzalisha mtu nusu mtoto!"

Mhariri akashtuka. "Mama yako anasema nini?"

"Anakusalimia," Neema akajibu, bila hata kutabasamu. Kisha akaketi kwenye maikrofoni, akasoma nusu zote mbili, akamwachia mhariri aamue kuzitoa au kuziacha.

Jioni taarifa ile haikutoka. Tulikaa mbele ya televisheni, ikaja habari ya hali ya hewa, ikaja ya mpira, basi. Neema alilia, nikamwacha alie. Kulipopambazuka nilikuwa natafuta chai jikoni nikasikia sauti yake sebuleni. Nilidhani anaongea na simu. Kumbe ni kwenye televisheni tuliyoiacha ikiwaka! Walikuwa wameitoa alfajiri, watu wengi wakiwa bado vitandani. Lakini risasi zilikuwemo na shamba lilikuwemo. Nilipiga kigelegele peke yangu, mpaka mwanangu akatoka na shuka mwilini akidhani nyumba inaungua.

Adhabu haikukawia. Wiki ileile walimtoa kwenye habari za vita, wakampa theluji na foleni za barabarani. "Sawa," akasema, "theluji haina chama." Alicheka, akaenda kutafuta koti zito zaidi.

Jumapili iliyofuata ulipofika wakati wa habari za nyumbani, Mama Odeta alisimama akauliza, "Maneno ya dada yangu yalitoka mbili zote. Nani ameona?" Nikainuka kabla ya wote. "Mimi nimeona!" Kisha akamshika Neema mkono, Mtanzania kati ya Wakongomani, akampeleka mbele. "Dada ametuma habari zingine. Nataka wewe njo uzisome." Kanisa likamwimbia. Nimewahi kushangilia watoto wengi wakizaliwa, lakini siku ile nilijiona mzazi kuliko siku zote.

Kurudi kulikuwa kwepesi, ingawa sanduku lilikuwa zito. Kigoma ilinipokea na jua lake, nikavua sweta palepale stesheni.

Sikumaliza hata kufagia baraza, Mzee Kapama huyo, kikombe mkononi. "Mama Neema, pole. Wanasema mwanao kashushwa cheo."

"Nani?" nikamuuliza.

"Aa, si watu. Wanasema tu."

"Wanasema si jina la mtu, mzee wangu. Kaa kwanza." Akakaa. Nikamimina chai, yake kwanza, kisha yangu. "Sasa sikiliza. Habari hii naitoa mimi Mama Neema, nilikuwa nyuma ya kioo, nimeona kwa macho. Ni kweli ameshushwa. Na sasa nakupa nusu ya pili."