Kocha wa Kitale Akimtoa Khisa

Kocha wa Kitale ni dalali wa mahindi, na hakubali kubadilishana mchezaji kabla hajatafuna punje kavu kutoka mfukoni, utadhani jibu limo humo ndani. Nelima, kocha wa Bungoma, ameshamzoea. Katika mpira wao wa Kiaustralia, mchezaji huweza kubadilishwa hata kwa zamu ya kuchagua wachezaji wapya. "Si unipe Khisa," Nelima akamwambia, "na msimu ujao uchague wachezaji wapya kabla yangu." Kocha wa Kitale akatafuna punje, akatema. "Sawa bana, mchukue." Kisha akainama kumfunga Khisa, aliyesimama kando yao, kamba za viatu. "Akiangusha mpira usimgombeze, madam. Ukimgombeza, ataharibu mechi yote." Kamba zilikuwa zimeshafungwa. Akafungua moja, akaanza upya, polepole.