Ukungu wa Gesima

Shobha alijifunza kukata kioo kwa baba yake, mzee Indravadan, katika duka lao la fremu mjini Kisii. Tangu mzee huyo afariki, picha nyingi za harusi na za maziko zilizotundikwa kuanzia Keumbu hadi Keroka zilipitia mikononi mwa bintiye. Wateja walimwita Mama Chandni. Jambo moja alilojivunia ni kwamba hajawahi kuharibu picha ya mtu.

Mwaka wa 1994, Mwalimu Nehemiah aliingia dukani amekumbatia bahasha kubwa ya kadibodi. Alimweleza kuwa Mzee Hisamori, mchoraji wa Kijapani aliyewahi kufundisha sayansi kule Gesima ujanani, amekubali kazi za maisha yake yote zioneshwe Kisii baada ya Nairobi. Fremu za picha tatu zilikuwa zimevunjika njiani.

"Zote tatu ni za Gesima, Mama Chandni. Tunafungua maonesho Jumamosi."

"Utazikuta tayari, Mwalimu."

Mbili hazikumsumbua. Alipofika ya tatu, kioo kikubwa cha mwisho kilipasuka mkononi, na kilichobaki kilikuwa kifupi kuliko picha kwa upana wa kiganja. Kioo kingine kingetoka Kisumu Jumatatu. Shobha akaitazama picha. Juu kulikuwa na milima na mashamba ya michai. Chini aliona karatasi tu, yenye rangi ya majivu. Hapa mzee hakuchora kitu, akajiambia. Akaweka rula, akapitisha wembe. Picha ikakaa sawasawa kwenye fremu, na yeye akaona hata imependeza zaidi.

Jumamosi alivaa sari yake ya kijani akaenda kwenye ukumbi wa maonesho. Watu walikuwa wengi, hata wachuma chai wa Gesima walikuja. Picha zilipangwa kufuata umri wa mchoraji: theluji ya kwao, miamba ya pwani yao, kisha Gesima. Hapo Shobha akasimama. Zile tatu zilitundikwa bega kwa bega, na ukungu ulianzia chini ya ile ya kwanza, ukapita ya pili, ukafika ya tatu ukakatika. Milima ya picha ile ilikuwa imekalia ubao wa fremu kama viazi ndani ya sufuria.

Mzee Hisamori alikuwa mbele yake, mwembamba, mikono nyuma. Alimgeukia Nehemiah, akauliza polepole kwa Kiswahili alichojifunzia Gesima.

"Mwalimu, hii ilikuwa fupi hivi?"

"Ndivyo ilivyokuja, Mzee," akajibu Nehemiah, ambaye hakukumbuka vipimo.

Shobha alikuwa karibu kiasi cha kumgusa mkono. Akairekebisha sari begani, akajifanya anamtafuta binti yake, akatoka.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, lakini alifungua duka. Chini ya meza, kati ya mabaki, alikipata kile kipande, kina tone la gundi pembeni. Akakipeleka dirishani, na kwa mara ya kwanza akakitazama bila kukipima. Mistari ya michai ilikuwa ikizama ndani ya ukungu, na kijia chembamba kikishuka hadi kikapotea. Akakifunga kwenye gazeti, akaelekea ukumbini.

Alimkuta mzee ameketi peke yake.

"Mzee, mimi ndiye mwenye duka la fremu. Hiki ni cha picha yako. Nilikikata mimi, kwa sababu kioo kilikuwa kifupi."

Hisamori alikipokea kwa mikono miwili.

"Jana ulikuwa hapa," akasema.

"Nilikuwepo."

"Niliuliza."

"Nilisikia, Mzee."

"Daktari aliniambia nitaanza kusahau. Tangu jana nafikiri kusahau kumeanza. Nilidhani niliichora fupi mwenyewe."

Shobha alikuwa amejiandaa kukaripiwa kwa karatasi iliyokatwa. Kwa hili hakuwa amejiandaa.

"Nisamehe," akasema akitazama sakafu.

Mzee hakusema amesamehe wala hakukataa. Aliuliza tu kama duka lina kioo kirefu.

Kioo kilipofika, Shobha alitengeneza fremu nyingine, akakiweka kipande chini ya picha yake. Mzee hakutaka alama ya wembe ifichwe. Shobha aliibeba picha mwenyewe hadi ukumbini, na alipokuwa akiitundika, mchuma chai mmoja wa Gesima, Mong'ina, akasogea.

"Mbona kuna mstari hapa?"

Nehemiah alianza kueleza habari za safari ndefu. Shobha akamkatiza.

"Niliikata mimi, mama. Nilidhani hapana kitu."

Mong'ina alimtazama, kisha akaitazama picha.

"Hapo ndipo kwetu," akasema kwa upole. "Asubuhi hapaonekani vizuri."

Shobha akaitikia kwa kichwa. Afadhali mama yule angemgombeza.