Njia ya Kumkwepa Shangazi

Watu wengine wakitaka kwenda Muleba kwa baiskeli huuliza milima iko wapi. Sisi huuliza kwanza nani anakaa kando ya barabara. Mlima unapandwa ukaisha, lakini ukipita kwa mkubwa wako bila kushuka kwenye baiskeli ukamsalimia, habari hiyo utaisikia Pasaka hii na Pasaka ijayo. Ndiyo maana mtu wa Nshambya mwenye ndugu wengi kama mimi anaweza kutumia siku nzima kufika mahali ambapo basi linafika kabla chai haijapoa. Hapo nimetia chumvi. Chai inapoa.

Jumamosi moja niliongozana na kijana aliyekuwa mchumba wa binti yangu. Nasema mchumba kwa haraka, maana Jumamosi hiyo bado hakuwa. Ni mtu wa Moshi, Mlutheri, kazi yake kupanda minara ya simu na kuitengeneza, na ana baiskeli ya mashindano yenye matairi membamba kama kidole. Wazazi wake walikwishatuma salamu kwamba wangependa kuja kwetu. Lakini kwetu haji mtu kabla shangazi yangu, dada wa marehemu baba, hajasema "mleteni." Yeye ndiye mkubwa aliyebaki, na alikuwa hajasema. Alipoulizwa alijibu tu, "Simjui," akaendelea kuchambua maharage.

Binti yangu alikuwa anangoja neno hilo moja. Niliona amekonda. Mke wangu anasema hakukonda, alibadilisha nguo tu. Naandika yote mawili, msomaji ataamua.

Tulikuwa tumepanga kumpeleka kijana kwa shangazi kwa utaratibu: Jumapili, amevaa koti, mshenga mbele, yeye nyuma ameinamisha kichwa. Kabla ya siku hiyo shangazi asimwone hata kivuli. Mtu akionwa kabla hajaletwa, ameshahukumiwa, na koti halisaidii tena.

Sasa kijana huyo akaniomba nimwonyeshe njia nzuri ya milimani. Neno "milimani" alilitamka akitabasamu.

"Baba, kwetu kuna Mlima," alisema. "Hii yenu nimeiona kutoka juu ya mnara. Ni kama vichuguu."

"Kichuguu kina mchwa," nikamwambia. "Subiri uumwe."

Tuliondoka asubuhi. Njia yenyewe naweza kuieleza, ingawa wapo wanaoieleza vizuri zaidi. Unashuka Rwamishenye, unashika lami hadi Kyetema, halafu barabara inaanza kupanda na kushuka katikati ya vibanja, migomba huku na huku, mibuni chini ya migomba, na kahawa imeanikwa kwenye mikeka mbele ya nyumba. Ukikaribia Kemondo ziwa linafunguka kushoto, pana, bila haraka. Hapo kijana alisimama akapiga picha, akasema, "Sawa, hili ziwa nakubali." Nilifurahi kama vile nimelichimba mimi.

Kutoka Muhutwe unakunja kulia, na hapo ndipo vichuguu vinaposimama. Ukuta wa Kamachumu uko mbele yako, kijani chini, mawe katikati, na juu kabisa lweya, yaani uwanda wa nyasi usio na migomba, ambako upepo unakukuta kifua wazi. Ukifika juu unapita Nshamba, unateremkia Muleba, unarudi kwa barabara ya chini. Huo ndio mzunguko niliomwahidi.

Kijana alikuwa na njia yote kwenye simu yake, imefungwa kwenye usukani, inaonyesha mwinuko kwa rangi. Nami nilikuwa na baiskeli yangu ya gia niliyoinunua mtumba, ambayo gia zake mbili zinafanya kazi, na moja kati ya hizo mbili ni ya kuteremka.

Chini ya mlima mahali fulani njia zinagawanyika. Ipo lami, na ipo njia ya zamani, ya udongo mwekundu, inayopita ndani ya vibanja na kukutana na lami kule juu. Mimi nikakunja kwenye udongo.

"Baba, lami si ile pale?"

"Ndiyo."

"Mbona huku kuna mawe?"

"Huku kuna mandhari," nilisema. Neno hilo nililipata redioni.

Mandhari yapo kweli, sikudanganya. Ila sikumwambia kwamba nyumba ya shangazi iko kwenye lami, na kibaraza chake kimeikodolea barabara macho. Niliona nimepanga jambo kwa akili nyingi kuliko kawaida yangu, na hilo peke yake lilipaswa kunitia shaka.

Kijana alipanda. Lazima niseme kweli, alipanda vizuri. Alikuwa ameinama, makalio juu kuliko kichwa, miguu inazunguka kama cherehani. Mimi nilishuka nikawa nasukuma. Kidogo nikamwona amepotea kwenye kona. Kisha nikasikia kengele yake, kri kri kri, na sauti za wanawake.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Jumamosi asubuhi sisi Wakatoliki tuna sala ya jumuiya. Na jumuiya haikai nyumba moja, inahama kila wiki, leo kwa huyu, kesho kwa yule, wa lami na wa udongo pamoja. Mimi nilipanga njia ya kukwepa nyumba ya shangazi. Kumbe shangazi ana miguu.

Nilipofika kwenye kona, wanajumuiya walikuwa wametawanyika pembeni, wengine ndani ya migomba, rozari mikononi. Shangazi alikuwa amesimama kwenye mtaro. Mtaro ulikuwa mkavu, lakini ni mtaro.

Niliegesha baiskeli, nikachuchumaa, nikamwamkia. Aliitikia yote, ya nyumbani, ya watoto, ya ng'ombe ambaye alijua nilishamuuza. Kisha akafungua kifurushi cha jani la mgomba, akanipa akamwani, zile buni za kutafuna tunazomkaribishia mgeni.

"Yule aliyepita, mnafuatana?"

"Nani, shangazi?"

"Yule mwenye kaptula iliyomshika kama ganda lilivyoshika ndizi mbichi. Ametupigia kengele kama sisi ni mbuzi."

Mdomo wangu ulikuwa umejaa buni, na haifai kumjibu mkubwa huku unatafuna. Nikatafuna. Nilitafuna polepole kuliko siku zote za maisha yangu.

"Tafuna umalize, mwanangu," shangazi alisema. "Jumuiya imekwisha, na maharage nimeshabandika."

"Mwacheni apumue," akasema mama mwenyekiti wa jumuiya. "Hamuoni mbavu zinavyopiga makofi?"

Niliwaza kusema simjui. Lakini siku ya koti ingefika, na miguu ile haisahauliki. Halafu binti yangu angesemaje, kwamba baba alimkana mtu wake njiani? Kwa upande mwingine, nikisema, nimemharibia kila kitu kwa neno moja. Nilipima huku na huku mpaka buni zikaisha.

"Ni yule wa binti yetu," nilisema.

Mwanamke mmoja akajifanya kutafuta kitu kwenye kikapu.

"Yule Mlutheri?" shangazi aliuliza.

"Ndiyo, shangazi."

"Usisingizie Ulutheri. Mke wa jirani yangu ni Mlutheri, anasalimia mpaka unatamani aondoke. Huyu ni haraka zake tu."

Nilifungua mdomo kumtetea. Ndipo kijana mwenyewe akatokea juu ya kona, kwa miguu, baiskeli begani, gurudumu la nyuma limelala. Alikuwa anashuka taratibu kama mtu anayerudisha kitu alichokiazima. Nilimkonyeza, nikamkunjia uso, nikatikisa kichwa. Hakuelewa hata moja.

Shangazi alimsubiri hadi alipofika.

"Umerudi kutusalimia?"

Mimi ningesema ndiyo. Nadhani watu wengi wangesema ndiyo.

"Hapana, bibi," kijana alisema. "Nimepata pancha. Pampu anayo baba."

Mama mwenyekiti aliziba mdomo kwa kanga, mabega yakicheka peke yake.

"Angalau hadanganyi," alisema alipoweza.

Shangazi alimtazama juu hadi katikati, akageuza macho. Akafungua kanga yake ya mabegani, akamtupia. "Jifunge kwanza. Siwezi kuongea na mtu nikitazama migomba."

Kijana akajifunga kiunoni. Kisha, bila kuambiwa, akachuchumaa mbele yake akaanza kumwamkia kwa Kihaya, taratibu, kipande kwa kipande, jinsi binti yangu alivyomfundisha. "Waitu" yake, lile neno letu la heshima, ilikuwa na Moshi ndani, lakini ilikuwepo mahali pake. Shangazi akaitikia. Akamaliza. Kijana hakuinuka.

"Inatosha, mwanangu. Inuka."

"Siwezi, bibi."

"Kwa nini?"

"Mguu umekaza."

Ndio mchwa wenyewe. Wanajumuiya wawili walimshika makwapani, wakamlaza kwenye nyasi na kanga yake, na mama mwenyekiti akamvuta kidole gumba cha mguu kwa nguvu ya mtu aliyezalisha ng'ombe wengi. Kijana alitoa machozi bila kutoa sauti. Shangazi alisimama juu yake, mikono nyuma.

"Kwenu si kuna Mlima?"

"Upo, bibi."

"Ulikuwa huupandi?"

"Nilikuwa nauangalia tu."

Hapo shangazi alicheka. Mimi nina miaka yangu, na kicheko chake nimekisikia mara chache. Kisha akanigeukia. "Aliyenipigia kengele sikumwona, alipita haraka. Huyu wa kanga nimemwona. Mleteni. Na siku hiyo mpitisheni kwenye lami, mwanangu. Kwani huku mlifuata nini?"

"Mandhari," alisema kijana kutoka kwenye nyasi.

Shangazi alinitazama. Mimi nikaenda kufungua pampu.

Tuliziba pancha. Lakini hakuna anayeondoka kwa shangazi mikono mitupu, na tulilazimika kupita kwake kuchukua mkungu kwa ajili ya mama wa binti. Baiskeli ya mashindano haina keria. Yangu inayo, hivyo mkungu ukapanda kwangu, na breki zangu hazikupenda habari hiyo. Muleba hatukufika. Tulirudi tulikotoka, mimi nikisukuma mkungu kila penye mteremko mkali, kijana akinisubiri kila kona. Nisimwonee: alisubiri kila kona. Kwenye simu yake njia yetu ilionekana ni mstari uliopanda mlima, ukafanya fundo dogo, ukarudi.

Mke wangu anaamini niliyapanga yote. Nimemwapia kwamba sikupanga, na kadiri ninavyoapa ndivyo anavyoniheshimu, kwa hiyo nimeacha kuapa. Sina hakika kama huko ni kudanganya.

Binti yangu alikuwa amekaa mlangoni tulipofika. Hakuutazama mkungu, wala baiskeli, wala mimi. Alitazama kanga iliyokuwa shingoni mwa kijana, ile ambayo shangazi huvaa akienda kusali, ambayo mtu hapewi hivi hivi. Akainuka akaingia ndani, na tukamsikia akimwambia mama yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, aongeze maji kwenye sufuria, mgeni anakula hapa.